Gari Iliyokatwa Miguu

Nakivale, 4 Februari 2024

Kwako Natanaeli, mtoto wa kaka yangu,

Bwana asifiwe huko uliko. Sisi tunapumua. Mvua ya mwezi huu imekuja kidogo, maharage yametoa majani mingi na maua machache. Posho ya wakimbizi wameipunguza tena. Dada yako Ikirezi alianguka Ijumaa akichota maji, midomo ikawa ya buluu, na alipoamka aliuliza kwanza kama ndoo imemwagika. Moyo wake ni ule ule wenye tundu, na wa kuliziba hayuko Nakivale wala Mbarara. Hilo unalijua. Mchungaji anakusalimia. Mzee Nehemiya, shemasi wetu, anakusalimia pia, ijapokuwa alisema nisikuambie.

Salamu zimekwisha. Sasa nakuuliza.

Jumatano nilikwenda kwa Enid kumtazama Bihogo. Nilikuwa nimembebea chumvi. Nikafika kwenye zizi nikakuta kamba imetundikwa mtini, ng'ombe hakuna. Nikamuuliza Enid ng'ombe yetu iko fasi gani. Maskini Mnyankore wa watu akashika mdomo. "Mama Ikirezi, mimi nilizani wewe najua. Kijana alikuja na mtu ya soko, akasema ni ya kwake." Nikamjibu kwamba najua, nilisahau tu. Nilidanganya ili kufunika aibu yako, nikarudi na chumvi yangu kichwani.

Natanaeli, ile ng'ombe niliilimia. Miaka mitatu nilipalilia migomba ya Enid, akanilipa mtamba, nami nikakupa wewe siku ya ubatizo wako mbele ya kanisa lote. Tangu kwetu Minembwe, ng'ombe ya kupewa ni yako, kweli. Utaikamua, itakuzalia, utaoa nayo. Lakini huiuzi kabla ya kumwambia aliyekupa. Hata kama yuko mbali, unatuma mtu. Hata kama mmegombana, unatuma mtu. Yeye hakatai, kazi yake ni kuambiwa tu. Anayeuza kimya kimya ni kama amemwambia aliyempa: hukunipa kitu.

Audace, huyu anayeleta nyanya huko sokoni, ndiye aliyenieleza ulichonunua. Batu banasema ni gari ya kukimbia. Tulikimbia kutoka Minembwe mpaka Uvira, na kutoka Uvira mpaka hapa. Nilifikiri familia yetu imekimbia ya kutosha.

Nilikupigia simu mara tatu. Kila nikitaja Bihogo, netiweki inakufa. Barua haina netiweki. Audace atakupa mkononi, na nimemwambia asimame hapo mpaka uifungue.

Shangazi yako,
Mukarukundo

*

Mbarara, 25 Februari 2024

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzima. Huku ni vumbi tu, na gereji ya Swaibu imejaa magari ya wanajeshi kwa sababu tuko karibu na ukuta wa kambi yao. Mwambie Ikirezi aache kubeba maji. Mwambie mimi ndiye nimekataza.

Barua yako ilikaa kwangu wiki mbili. Sitasingizia kazi. Niliogopa kuijibu, halafu nikakasirika, halafu nikaogopa tena.

Ni kweli nilimuuza Bihogo. Sikukuambia kwa sababu ungekataa. Unasema aliyetoa hakatai. Shangazi, wewe?

Nisikilize kidogo. Miaka sita nimelala chini ya magari ya watu. Mteja akija anamsalimia Swaibu, anamshukuru Swaibu, anaondoka. Mimi anaona miguu yangu tu inatokeza. Mwezi wa kumi na mbili Afande Wasswa alihamishiwa kaskazini, akawa anauza Subaru yake haraka. Ni ya mwaka 2001, ina turbo, injini nzima, bodi imechoka. Katika kazi hii hakuna anayekuuliza cheti, Shangazi. Wanatazama gari unayoendesha wewe mwenyewe. Nikiitengeneza hii ikawa nzuri, kila atakayeiona atauliza ni mkono wa nani. Hapo ndipo nitapata wateja wangu.

Shida ni kwamba fedha iliyobaki baada ya kuinunua inatosha kitu kimoja tu kwa sasa. Ekzosi pana inaita watu kabla hujafika. Rimu mpya zinang'aa. Kuna kuishusha, ikakaa karibu na ardhi, na vijana wa mjini wanapenda hivyo kuliko yote. Tairi na breki zimechoka, najua, lakini nikiweka mpya hakuna mtu atakayeziona.

Utasema ni upuuzi. Lakini nakuuliza kweli, maana nyumbani wewe ndiye uliyekuwa unapanga kipi kwanza kipi baadaye hata tulipokuwa hatuna kitu. Wewe ungeanza na nini?

Natanaeli

*

Nakivale, 17 Machi 2024

Natanaeli, mtoto wa kaka yangu,

Tumepokea salamu zako. Ikirezi amesema wewe si mume wake wa kumkataza maji, halafu akacheka, halafu akakaa chini kupumzika. Mvua imeanza. Paa linavuja pale pale ulipoahidi kupaziba mwaka juzi.

Umeuliza ningeanza na nini. Ningeanza na kuomba ruhusa. Lakini hilo limepita.

Baba yako akinunua ng'ombe sokoni hakutazama pembe. Pembe hutazamwa na mjinga, na wauzaji wanajua, wanazipaka mafuta. Yeye aliinama, akashika kwato moja moja, kisha akaitembeza juu ya mawe. Nilimuuliza pia Mzee Nehemiya, maana yeye aliendesha lori ya Uvira na Bukavu miaka kumi. Akasema: tairi, breki, na vile vinavyobeba mwili. Kelele mwisho kabisa. Na akasema usiishushe hiyo gari, barabara ya huku ina mawe yanayongoja matumbo.

Sasa acha mambo ya gari unisikilize.

Majina yetu ya kwenda Amerika yametoka ubaoni. Baada ya miaka tisa, Natanaeli. Mahojiano ni Alhamisi tarehe 18 Aprili, saa mbili asubuhi. Wote walio kwenye karatasi wawepo. Karatasi ni ile ile ya Kabazana, ya siku tulipoandikishwa: mimi ni kichwa cha familia, halafu wewe, halafu Ikirezi. Unaukumbuka ule mstari? Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulishika kitenge changu, ukakataa kukiachia hata karani alipotaka kukupiga picha. Mpaka leo katika ile picha yako mkono wangu unaonekana.

Daktari ameandika kwamba Ikirezi hawezi kungoja sana. Tukipita hapo, tutakwenda Amerika, na huko watamziba moyo. Tusipopita, sijui, na sitaki kuandika ninachokijua.

Usije na hiyo gari. Njoo Jumanne na Audace, ulale hapa, Alhamisi tutoke mlango mmoja sisi watatu.

Shangazi yako,
Mukarukundo

*

Mbarara, 7 Aprili 2024

Shangazi,

Bwana asifiwe. Niliisoma barua mara mbili nimesimama, mpaka Swaibu akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, tunaondoka.

Jumanne sitaweza, kuna magari matatu ya wanajeshi yanayotakiwa wiki hiyo hiyo. Nitatoka Alhamisi alfajiri, saa kumi na moja. Saa moja na nusu niko mlangoni. Nitakuja na gari, Shangazi, usikasirike. Nataka Ikirezi asitembee ule mlima. Akae kiti cha mbele, ashuke pale ofisini mbele ya watu bila kuhema. Siku moja tu tutoke nyumbani kama watu.

Nimeanza na kitu kimoja. Sikuambii ni kipi, utakiona mwenyewe.

Wako,
Natanaeli

*

Mbarara, 22 Aprili 2024

Shangazi,

Sijui nianze na salamu gani. Nilikuona Alhamisi, najua mko hai. Mwambie Ikirezi samahani, umwambie peke yake.

Hukuniuliza kilichotokea, basi naandika bila kuulizwa.

Kitu nilichoanza nacho kilikuwa springi. Nilizikata. Springi fupi za dukani sikuziweza, kwa hiyo nilizifungua zote nne, nikakata pete moja na nusu kila moja kwa msumeno wa umeme, nikazirudisha. Iligharimu nguvu zangu tu. Gari ikakaa chini. Vijana wa karibu na kambi wakaipiga picha, na watu wawili wakauliza nani kafanya. Miaka sita, Shangazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza jina.

Nilitoka saa kumi na moja kasoro. Kwenye lami ilikwenda vizuri. Lami ilipokwisha, mbele ya Kabingo, nikaanza kuisikia inagonga chini. Nikaendesha kama nimebeba mayai. Pale kwenye mteremko wenye korongo la maji, jiwe likaingia tumboni likapasua sampu, lile bakuli linaloshika oili chini ya injini. Oili yote ikamwagika barabarani. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Simu haikushika netiweki, na safari hii sikudanganya. Nilitembea mpaka miguu ikaisha, ndipo nikapata boda. Nikafika ofisini saa tano. Mlinzi akasema familia ya Mukarukundo walishamaliza wakaenda.

Nilikukuta unachambua maharage. Ukatazama viatu vyangu, vimejaa oili. Nikasema, "Shangazi, nimechelewa."

Ukasema, "Kula."

Nikasema, "Waliniulizia?"

Ukasema, "Chakula kinapoa."

Ikirezi akaondoka akaenda nje, akakaa huko mpaka nilipomaliza.

Ungenitukana ningejua pa kusimama. Ulinifundisha wewe, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, guu limevunjika, ni la kwangu, nitalibeba. Ila niambie kitu kimoja: walisemaje juu yangu, na wewe ulijibu nini?

Natanaeli

*

Nakivale, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Utanisamehe kuchelewa, Audace alikuwa na malaria, na mimi nilikuwa na palizi. Maharage yametoka kidogo. Paa Mzee Nehemiya amelipanda mwenyewe na umri wake wote, akaliziba. Ikirezi anakufumia kitambaa cha kuweka nyuma ya kiti cha gari, cheupe, chenye maua pembeni. Nilimwambia nyeupe kwenye gereji ni kazi bure. Akaendelea kufuma.

Unauliza walisema nini. Waliuliza mambo mingi: vita, kijiji, nani alikufa na mwaka gani. Tulijibu. Mambo ya ofisi huenda polepole.

Hiyo gari umeirudishia miguu? Nehemiya anasema springi iliyokatwa haiungwi, inatafutwa nyingine. Itafute. Uwe na gari inayosimama unapotaka isimame. Mwanamume mwenye kazi ya mikono halali njaa, hapa au fasi nyingine yoyote. Habari za Bihogo nimeziacha.

Ule vizuri.

Shangazi yako,
Mukarukundo

*

Mbarara, 30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Tumshukuru Mungu. Umeniita mwanangu. Nilikaa na neno hilo siku nzima, halafu nikaogopa kidogo, maana hujawahi kunisamehe haraka hivi. Nilipovunja ile redio ulinisema mpaka Pasaka.

Nimeirudishia miguu. Springi nzima nilizipata kwenye gari iliyopinduka huko njia ya Masaka. Sampu nimeichomelea, na chini yake nikafunga bamba la chuma. Breki nimeweka mpya mbele na nyuma, kabla ya kitu kingine chochote. Tairi ni za mtumba lakini zina meno. Ekzosi ni ile ile ya Wasswa. Rimu ni zile zile. Ukiitazama kwa nje hakuna kilichobadilika, na wale vijana wa picha hawaji tena. Lakini nilimpa mwalimu mmoja wa chuo, Evas, aendeshe mpaka darajani na kurudi, akashuka akasema, "Hii gari nasikia dereva." Wiki iliyofuata akaleta ya kwake, na akamwambia Swaibu anataka ishikwe na mimi. Basi mlikuwa na haki wewe na baba na kwato zenu.

Siku ya kuondoka sitaki mtu mwingine awabebe. Nitakuja na gari siku moja kabla, nitalala hapo, nitawafikisha penye basi mwenyewe, sisi watatu. Hata mwendo nimeupunguza, muulize Audace. Gari nitamwachia Swaibu aiuze, na fedha yake itakuwa mtamba kwa Enid, kwa jina lako. Safari hii nakuambia kabla.

Kupimwa na daktari tutaitwa lini? Niambie mapema, hata kama ni uvumi tu. Sitachelewa tena.

Mwanao,
Natanaeli

*

Mbarara, 6 Oktoba 2024

Shangazi,

Salamu. Miezi mitatu hukuniandikia. Audace nikimuuliza anatazama nyanya zake.

Jana nilikuja. Gari ilipita lile korongo bila kugusa jiwe, nikafurahi peke yangu kama mwendawazimu. Nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Jirani yako, mama Cyiza, akatoka. "Beko Mbarara, bameitwa kupimwa. Tangu Alhamisi. Banalala Ruharo kwa batu ya kanisa. Haukubaona?"

Nikasema nimewaona, nilisahau tu. Nilijifunza kwako kudanganya namna hiyo, siku ya Enid.

Kutoka Ruharo mpaka gereji yetu, mtu anakula muwa mmoja anafika. Siku tatu, Shangazi. Hata Ikirezi hamkumtuma.

Nikapita ubaoni. Nimesoma namba ya familia yako mara nne. Kuna majina mawili.

Mimi si mtoto, nimeona nilichoona. Lakini kuna jambo mtu analiona na bado anataka aambiwe. Niambie wewe. Usiniache nilisome ukutani kama mpangaji.

Natanaeli

*

Nakivale, 10 Novemba 2024

Natanaeli, mtoto wa kaka yangu,

Leo sina habari za maharage. Tunaondoka Jumatano asubuhi. Barua hii namwachia Audace akupe Ijumaa, tukiwa tumekwisha kupanda ndege. Nimepanga hivyo kwa sababu mimi ni mwoga. Watu kanisani wananiita shujaa, wewe usiwaamini.

Siku ile tulikungoja mlangoni mpaka muda ulipokaribia kwisha. Ikirezi alikuwa amevaa viatu, anasikiliza barabara. Alisema, "Atakuja, mama, tutaisikia." Mwisho tukatembea. Katika ule mlima alisimama mara tano.

Mle ndani mwanamke mmoja akasoma jina lako. Nikasema yuko njiani. Akaendelea na mengine. Akalisoma tena. Nikasema yuko njiani. Ilipofika saa nne akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole na mkalimani akatafsiri. Kama huyu kijana ni wa nyumba yako, faili haiwezi kwenda bila yeye. Itarudi chini, mtaitwa tena, na hatujui lini. Kama aliondoka akawa na maisha yake, tutaendelea leo na nyinyi wawili.

Nikamtazama Ikirezi. Midomo ilikuwa imeshageuka.

Nikasema: si wa nyumba yangu. Ana kazi yake Mbarara, ana gari yake. Wakaandika, nikatia sahihi.

Ulikuja saa moja baadaye na viatu vya oili. Nikakupa maharage, sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Ikirezi alitoka nje kwa sababu alikuwa amesikia nilivyosema, na tangu siku hiyo hanisemeshi ila ya lazima. Kesho yake nilirudi kwao kabla hawajafungua mlango. Nikauliza kama neno linaweza kurudishwa. Wakaniambia kilichosemwa kimeandikwa, na nikisema vingine leo nitakuwa nilidanganya jana, na faili yote itaanguka. Nikarudi nyumbani. Wewe ulikuwa unaniandikia habari za breki.

Ruharo nilikuja. Siku ya pili nilitembea mpaka ng'ambo ya barabara ya gereji yenu. Ulikuwa chini ya gari, ninaona miguu tu. Niliijua. Nilisimama muda mrefu, mwanajeshi mmoja akaniuliza natafuta nani, nikasema nimepotea njia.

Nilikusema vikali kwa sababu ya ng'ombe. Sasa sikiliza. Wewe nilipewa. Kaka yangu alikuwa amelala kwenye majani na damu tumboni, akachukua mkono wako akautia katika wangu, akasema, "Huyu ni wako." Hakuna kitu nilichowahi kupewa kikubwa kuliko hicho. Nami nimekutoa bila kumwambia aliyenipa. Kwake siwezi kutuma mtu. Kwa hiyo nakuambia wewe, na kwako pia nimechelewa. Najua maana ya jambo hilo, nilikuandikia mwenyewe: ni kama kumwambia, hukunipa kitu. Nilisema hivyo juu yako mbele ya karani, na ni uongo.

Ungekuja Jumanne tungekuwa watatu. Nimejaribu kutoliandika hili, limekataa kubaki ndani.

Nyumba nakupa wewe, na kila kilichomo. Ufunguo uko kwa Mzee Nehemiya. Kitambaa cha Ikirezi kimo ndani ya bahasha hii.

Usinisamehe upesi.

Mukarukundo

*

Mbarara, 15 Novemba 2024

Shangazi,

Audace alinipa barua yako Jumatatu. Alisema asingeweza kulala nayo siku tano. Kwa hiyo nilijua siku mbili kabla. Ningeweza kuja Nakivale, gari iko nje ya gereji na tangi lilikuwa na mafuta. Nilikaa. Nilitaka nawe ungoje mlangoni unasikiliza barabara.

Jumatano nikashindwa. Nilikwenda nikasimama kwenye barabara ya Kampala tangu alfajiri. Saa tatu mabasi mawili yakapita. Katika la pili nilimwona Ikirezi dirishani. Nikawasha gari nikawafuata.

Gari hii sasa ingeweza kulipita basi lile ikacheka. Sikulipita. Nilikaa nyuma yenu, mwendo wa basi, mpaka Lyantonde. Basi likifunga breki, nami nafunga, na zilishika kila mara. Kitambaa nilikuwa nimekitandika nyuma ya kiti cha mbele, cheupe bado. Ikirezi aliniona. Aliweka kiganja kwenye kioo, kisha akakugusa bega. Ulikuwa umefunga kile kitambaa cha kichwa cha buluu. Hukugeuka. Najua alikuambia.

Sikupiga honi. Lyantonde mafuta yalikuwa yamebaki ya kurudi tu, nikaegesha pembeni, basi likaenda.

Nina hasira nawe. Usiku na mchana nina hasira nawe. Halafu najiweka pale mbele ya yule mwanamke, Ikirezi ameketi karibu yangu na midomo ile, na kila mara nasema kama ulivyosema. Hilo ndilo linalonila. Na Jumanne yako nimeihesabu mwenyewe kabla hujaiandika.

Habari za hapa ni hizi. Ile gari siiuzi tena, sina safari. Mwalimu Evas ameniletea mteja mwingine. Nehemiya alinipa ufunguo jana, nikafungua, nikakaa kitako kwenye sakafu. Siwezi kuishi humo. Mama Cyiza ana watoto sita ndani ya chumba kimoja, nataka nimpe yeye. Lakini ni nyumba ya kupewa, na uliyenipa ni wewe, kwa hiyo sijampa. Nakuambia kwanza.

Audace ameniuliza barua hii aipeleke wapi. Anwani yenu sina. Ufunguo ninao mfukoni, nangoja uniambie umesikia.

Natanaeli